Ujira wa Mwalimu Mwongozaji wa Michezo ya Kuigiza: Suala la Kazi, Siyo Fadhila

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mchezo wa kuigiza wa shule ni sehemu ya mapambano. Ifikapo Februari 6, siku ya kimataifa ya kupinga ukeketaji, au Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, au zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinazoanza Novemba 25 na kumalizika Desemba 10, wananchi hukusanyika uwanjani, mgeni rasmi huketi chini ya turubai, na wanafunzi huingia kuonyesha yale ambayo watu wazima huona haya kuyasema. Mchezo unapokwisha, mgeni rasmi huwapongeza watoto na kumshukuru mkuu wa shule. Mwalimu aliyeutunga mchezo, akawafundisha watoto kusimama, kusema na kunyamaza, huwa amekwisha kwenda kukusanya mavazi ya kuazima ili yarudishwe kwa wenyewe kabla ya jioni.

Makala haya yanahusu kazi ya mwalimu huyo na malipo yake. Tunataka kujibu maswali matatu. Je, anachofanya ni kazi au ni burudani yake binafsi? Kama ni kazi, kipimo cha ujira wake ni kipi? Na nani anayepaswa kulipa? Tunaomba wasomaji, hasa makada walioko katika kata na wanafunzi wa vyuo vya ualimu, wasilione jambo hili kuwa dogo. Jinsi tunavyoilipa kazi isiyo na jina ndivyo tunavyoonyesha kama tunaiheshimu kazi au tunaheshimu vyeo tu.

Kazi yenyewe ni ipi

Watu wengi huuona mchezo siku ya maonyesho, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba kazi ni ya dakika 30. Ni sawa na mtu anayeuona muhogo sokoni akadhani kilimo ni kazi ya kupanga mafungu.

Mwalimu mwongozaji huanza kwa kutafiti. Hawezi kutunga mchezo juu ya ukeketaji Nyamongo au Mugumu bila kujua nani katika ukoo hutangaza msimu, nani hupokea malipo, mama husema nini na baba hukwepa nini. Baada ya hapo huandika au hupanga visa pamoja na wanafunzi. Huchagua waigizaji, na hapa hutumia busara nyingi, maana msichana aliyekimbia kukeketwa asilazimishwe kuyaigiza maisha yake mwenyewe mbele ya waliomkimbiza. Huongoza mazoezi, hutafuta mavazi na vifaa, humwomba mpiga litungu wa kijijini, ile zeze ya Wakurya yenye nyuzi nane, aje awasindikize watoto. Hulinda nidhamu ya wasichana na wavulana wanaobaki shuleni hadi jua linakaribia kuzama, na huhakikisha kila mmoja amefika kwao.

Mchezo ukishaonyeshwa, kazi nyingine huanza. Wananchi huuliza maswali, nao ndio wakati ambao sanaa hugeuka kuwa elimu. Wataalamu wetu walilithibitisha jambo hili zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji wenyewe walichambua matatizo yao kwa njia ya ngoma na maigizo. Mwaka 1996 wataalamu wa chuo hichohicho walianzisha mpango wa Tuseme, uliowapa wasichana wa shule za sekondari nafasi ya kutumia jukwaa kusema yanayowazuia kusoma. Katika kazi zote hizi, mjadala ulikuwa na uzito sawa na maonyesho. Na mjadala hauendeshwi na mtu asiye na ujuzi.

Kwa hiyo tunaweza kusema bila kusita: mwalimu mwongozaji ni mtafiti, mwandishi, mkufunzi, mlezi na mwelimishaji wa umma kwa wakati mmoja. Hutumia nguvu, muda na ujuzi kuzalisha kitu ambacho jamii inakihitaji na kukitumia. Hiyo ndiyo maana ya kazi.

Chimbuko la mazoea ya kutolipa

Mazoea ya kuiona kazi hii kuwa ya bure hayakushuka kutoka mbinguni. Yana historia.

Katika shule za wakati wa ukoloni, mchezo wa kuigiza ulikuwa pambo la shule chache za bweni, na mara nyingi ulikuwa mchezo wa Kiingereza. Mwalimu aliyeuongoza aliishi hapohapo shuleni, na kazi hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya maisha ya bweni. Baada ya Uhuru, mambo yalibadilika. Katika hotuba yake ya Desemba 10, 1962, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na utamaduni ukawa wajibu wa Serikali. Yeye mwenyewe, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huuhuu wa Mara, alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala ziliingia karibu kila shule, na walimu ndio waliozifundisha.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Lilikuwa azimio kubwa, na lilipitishwa katika mji mkuu wa mkoa wetu. Lakini lilimweka mwalimu katika hali ya pekee. Walimu walikuwa wachache, madarasa yalijaa, na mwalimu huyohuyo ndiye aliyefundisha kisomo cha watu wazima jioni, aliyeandika risala za kijiji na aliyeandaa ngonjera za sherehe. Taifa lilikuwa mbioni, na wote waliombwa wajitolee. Kilichotokea ni kwamba hali ya dharura iligeuka desturi. Dharura ilipita, desturi ikabaki, na leo vijana ambao hawakuzaliwa wakati ule wanaambiwa kwamba mwalimu ndivyo alivyo, hutumwa wala haulizi.

Ni vizuri kukumbuka pia kwamba Serikali haikuwahi kusema sanaa si kazi. Miaka ya 1960 iliunda vikundi vya taifa vya sanaa ambavyo wasanii wake walikuwa waajiriwa wa mshahara. Mwaka 1981 ilianzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo kufundisha kazi hiyo kwa utaratibu. Msanii wa kikundi cha taifa alilipwa, na mkufunzi wa Bagamoyo alilipwa. Mwalimu wa shule afanyaye kazi ya namna ileile, mbali na mji, ndiye aliyesahauliwa.

Mila ina mfuko, mapambano hayana

Sasa tuitazame hali halisi ya Tarime na Serengeti. Takwimu za utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 zilionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa taifa zima ilikuwa asilimia 10. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 28 kwa Mara na asilimia 8 kwa taifa. Kuna kupungua, lakini kupungua huko ni kwa polepole sana. Na hayo yametokea ingawa tangu mwaka 1998 sheria inamtishia anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15.

Kwa nini sheria peke yake haikutosha? Kwa sababu ukeketaji hausimami juu ya imani tu, una msingi wa kiuchumi. Ngariba hulipwa kwa kila msichana, na sehemu ya malipo hayo huwaendea wazee wa mila. Baba hutazamia ng'ombe wengi zaidi kwa binti aliyekeketwa. Baraza la wazee, ambalo Wakurya huliita inchama, ndilo lenye kauli juu ya msimu, na mara nyingi msimu huwekwa Novemba na Desemba, shule zinapofungwa, katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kwa maneno mengine, mila hii ina kalenda, ina watendaji, na ina mfuko.

Upande wa pili yuko mwalimu na watoto wake jukwaani. Anashindana na taasisi yenye mapato, lakini yeye hana kalenda rasmi, hana fungu na hana ujira. Muda wake wa mazoezi huangukia katika miezi ileile ambayo darasa la saba hufanya mtihani, Septemba, na kidato cha nne, Novemba, naye hudaiwa matokeo ya mtihani kama walimu wengine. Pengine amepanga chumba katika mji wa mzee yuleyule ambaye mchezo unamgusa. Mchezo unapofanikiwa, sifa ni ya shule. Mchezo unapowaudhi wakubwa wa ukoo, lawama ni yake.

Yaliyotokea kwa majirani zetu wa Kenya yanatuonyesha kwamba hatari ya jukwaa si hadithi. Aprili 2025, katika tamasha la taifa la drama huko Nakuru, polisi walitumia mabomu ya machozi kuhusiana na mchezo wa shule ya wasichana ya Butere ulioandikwa na Cleophas Malala. Mwandishi alikamatwa, na wanafunzi waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Hatuingii katika siasa za jirani. Tunachosema ni kwamba hakuna anayetuma polisi kuzuia jambo lisilo na maana. Kama mchezo wa shule una nguvu ya kuwashtua wakubwa, basi anayeuongoza anafanya kazi nzito, naye anastahili ujira na ulinzi.

Hapa ndipo penye mgongano wa kweli. Anayemkata msichana hulipwa, na anayeifundisha jamii isimkate msichana hushukuriwa tu. Jamii inayopanga malipo yake kwa namna hiyo isishangae mabadiliko yakienda kwa mwendo wa kinyonga.

Kuipima kazi

Wapo wanaokubali kwamba hii ni kazi, lakini husema haiwezi kupimwa. Hilo si kweli. Tuchukue mfano mmoja wa kawaida, tuuhesabu.

Tuseme shule inaandaa mchezo kwa wiki 8. Mazoezi hufanyika mara 4 kwa wiki, saa 2 kila mara, baada ya masomo. Hizo ni saa 64. Tuongeze Jumamosi 4 za saa 5 kila moja, yaani saa 20. Jumla ni saa 84, bila kuhesabu uandishi wa mchezo, kutafuta mavazi, wala siku yenyewe ya maonyesho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kuwa ukomo wa kawaida wa kazi kwa wiki. Zinazozidi ni muda wa ziada, ambao hauwezi kupita saa 50 katika kila wiki 4, na malipo yake hayawi chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Mwalimu wa Serikali ana pia sheria na kanuni za utumishi wa umma zinazotawala ajira yake, na kwa hiyo hatudai kwamba kila mwalimu anaweza kwenda kesho mahakamani na hesabu hii mkononi. Tunaitumia sheria hiyo kama rula: taifa limekwisha kukubaliana kwamba saa ya ziada ina thamani fulani, na tunataka kuona saa za mwalimu mwongozaji zingekuwa na thamani gani zikipimwa kwa rula hiyohiyo.

Saa 84 kwa wiki 8 ni wastani wa saa 42 kwa kila wiki 4, hazijavuka ukomo. Tukizizidisha kwa moja na nusu, tunapata malipo ya saa 126 za kawaida. Mwezi wa kazi, kwa wiki za saa 45, una saa 195 hivi. Kwa hiyo mchezo mmoja ni sawa na karibu theluthi mbili ya mshahara wa msingi wa mwezi mmoja.

Mtu anaweza kusema kwamba mwalimu hatimizi saa 45 shuleni. Tukubali, kwa ajili ya hoja, kwamba anafanya saa 40, ingawa kusahihisha na kuandaa masomo nyumbani hakujahesabiwa. Katika wiki 8 atakuwa na saa 40 za kujaza. Tukiziondoa katika 84, zinabaki 44. Mara moja na nusu ni 66, yaani theluthi moja ya mshahara wa mwezi. Hata kwa hesabu ya bahili, basi, jibu si sifuri. Na sifuri ndicho kiasi kinacholipwa mahali pengi.

Nchi nyingine zimekwisha kulitambua jambo hili kwa njia mbalimbali. Katika shule nyingi za umma za Marekani, mikataba baina ya vyama vya walimu na bodi za elimu ina jedwali la malipo ya kazi za ziada, na mwongozaji wa michezo ya kuigiza yumo pamoja na kocha wa mpira. Uingereza, kanuni za walimu zimeweka saa 1,265 kwa mwaka ambazo mkuu wa shule anaweza kumpangia mwalimu kazi, na bodi ya shule imepewa uwezo wa kulipa shughuli za kujifunza zilizo nje ya saa za shule. Hatusemi tunakili mfumo wao. Nchi hizo ni za kibepari na zina fedha nyingi kuliko sisi. Lakini ni aibu kama nchi iliyojenga fikra zake juu ya utu wa mfanyakazi itaacha kuhesabu saa ambazo mabepari wanazihesabu.

Hoja zinazotolewa kupinga

Hoja ya kwanza ni ya kujitolea. Inasemwa kwamba malipo yataua moyo wa kujitolea. Hoja hii yafaa ichambuliwe kwa makini, maana kujitolea ni jambo jema na limejenga nchi hii. Lakini kujitolea kuna sharti moja: anayejitolea ana uhuru wa kukataa. Mwalimu aliyepangiwa na mkuu wake, kwa sababu mgeni rasmi anakuja, hajajitolea, ametumwa. Tena kujitolea kwa kweli ni kwa wote. Kama siku ya maonyesho dereva ana posho, ofisa ana posho, mwenye turubai na mwenye kipaza sauti wamelipwa, na mwalimu peke yake ndiye anayeambiwa awe na moyo, basi huko si kujitolea. Huo ni mzigo wa wengi uliowekwa kichwani kwa mmoja.

Hoja ya pili ni kwamba kufundisha sanaa ni sehemu ya kazi yake. Ni kweli kwamba mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeyaweka masomo ya sanaa na michezo katika shule ya msingi. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kipindi kilicho kwenye ratiba ni kipindi cha ratiba. Mchezo wa wiki 8 baada ya saa za masomo, unaopelekwa kwenye uwanja wa kata kwa ajili ya shughuli ya wilaya, hauingii katika kipindi cha dakika 40. Daktari naye kazi yake ni kutibu, lakini anapoitwa usiku tunakubali kwamba ameitwa usiku.

Hoja ya tatu ni kwamba walimu wa hisabati na Kiingereza nao hubaki jioni bila malipo. Kama ndivyo, kanuni ni ileile kwao pia. Dhuluma kwa mmoja haiwi haki kwa sababu imegawanywa kwa wawili. Mwaka 2012, Chama cha Walimu Tanzania kilipogoma kabla ya Mahakama kuusimamisha mgomo huo, miongoni mwa madai yake ilikuwa posho ya kufundishia kwa walimu wa sayansi na wa sanaa na posho ya mazingira magumu. Suala la mwalimu mwongozaji ni tawi la mti huo mkubwa, wala si upendeleo.

Hoja ya nne ndiyo nzito zaidi. Inasemwa kwamba fedha zikiingia, mchezo utageuka biashara. Mwalimu atatunga anachotaka mfadhili, masomo yataachwa, na watoto watatumikishwa. Hatari hii ipo kweli. Shirika likimlipa mwalimu mkononi, litataka mchezo uliojaa machozi kwa ajili ya picha za ripoti yake. Lakini dawa ya hatari hii ni utaratibu. Kutolipa hakuitibu, bali huikuza, kwa sababu mwalimu asiye na ujira halali ndiye mwepesi wa kushikwa na bahasha. Malipo yapitie shule au halmashauri, saa ziwe na ukomo, na maandishi ya mchezo yajadiliwe na walimu wenzake. Wanafunzi wasilipwe ujira, maana wao ni wanafunzi, lakini wasiigize na njaa wala wasitembee usiku. Chakula, usafiri na usalama wao ni gharama ya kwanza kabla ya ujira wa mtu mzima yeyote.

Fedha itoke wapi

Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, shule za umma hutoa elimu bila ada, na michango ya lazima imepigwa marufuku. Ruzuku iliyowekwa wakati huo ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu yake hukatwa kwa ajili ya vitabu. Mtu yeyote anayejua bei ya chaki ataona kwamba ujira wa mwongozaji hauwezi kutoka humo. Wala usitoke kwa mzazi.

Kanuni tunayoipendekeza ni rahisi: anayeagiza kazi ndiye alipe. Shughuli ikiwa ya halmashauri, mchezo uwe na fungu katika bajeti ya shughuli hiyo, kama lilivyo fungu la turubai na maji ya kunywa. Shughuli ikiwa ya shirika la kutetea wasichana, mradi wake uwe na mstari wa mwalimu kabla haujasainiwa. Shughuli ikiwa ya shule yenyewe, na hakuna fedha kabisa, mwalimu alipwe kwa muda: apunguziwe vipindi, aondolewe zamu katika wiki za mazoezi, au afidiwe kwa mapumziko yaliyoandikwa. Muda nao ni mali.

Wala wilaya hizi si maskini kiasi hicho. Tarime ina mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara, na tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, unaokubaliwa na serikali za mitaa. Serengeti ina utalii wa hifadhi, na ina Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona ambayo mapato yake yanavifikia vijiji wanachama. Tumezoea kuzitumia fedha za namna hii kwa matofali na mabati, jambo ambalo si baya. Lakini darasa lisilo na msichana, kwa sababu ameozwa akiwa na miaka 14, ni matofali tu.

Ujira tunaouzungumzia una pia upande usio wa fedha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi za maigizo na haki ya mtunzi kutambuliwa. Jina la mwalimu na litajwe katika ratiba na kwenye nakala ya mchezo. Shule nyingine au shirika likitaka kuutumia, aulizwe. Kazi hiyo iingizwe katika mipango yake ya upimaji wa utendaji, ili aliyeongoza michezo mitatu asionekane kwenye kumbukumbu kuwa sawa na aliyeondoka shuleni kengele ilipolia. Na akitishwa kijijini kwa sababu ya mchezo, uongozi usimhamishe kimyakimya kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Usimame naye hadharani.

Kazi iliyo mbele ya kada

Kada hana hazina, wala hana mamlaka ya kuongeza mishahara. Ana kitu kingine: ana nafasi katika kikao, na ana wajibu wa kuuliza. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kabla ya mazoezi kuanza, yaandikwe makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya mkuu wa shule, mwalimu na mwenye shughuli. Yataje saa, gharama, ujira au fidia ya muda, na nani atalipa lini. Pili, shule iwe na daftari la mazoezi linalotiwa sahihi kila siku, maana saa isiyoandikwa ni saa iliyopotea. Tatu, kamati ya maendeleo ya kata ipewe taarifa ya michezo yote iliyoagizwa katika mwaka na malipo yake, ili diwani na wananchi waone nani anadai na nani anadaiwa. Nne, matawi ya chama cha walimu katika wilaya yalipeleke suala hili kwenye majadiliano na mwajiri likiwa na hesabu kamili, lisiishie kwenye manung'uniko ya chumba cha walimu.

Wanafunzi wa vyuo vya ualimu wanaosoma makala haya wafanye zoezi moja. Wachague shule iliyo karibu nao, wahesabu saa za mchezo mmoja kwa njia tuliyoionyesha, kisha wailinganishe hesabu yao na jumla ya posho zilizolipwa kwa watu wengine siku ya maonyesho. Matokeo ya zoezi hilo yatawafundisha mengi juu ya uhusiano wa kazi na malipo katika jamii yetu.

Swali la ujira wa mwalimu mwongozaji linatuuliza kama tunamaanisha tunachosema. Tukitangaza kwamba msichana wa Tarime na Serengeti ana haki ya kukua akiwa mzima na kusoma hadi mwisho, basi tumekwisha kutangaza pia kwamba kazi ya kumtetea ni kazi ya taifa. Kazi ya taifa ina mpango, ina bajeti, na mfanyakazi wake ana jina. Msimu mwingine utakapokaribia, wazee wataketi na kupanga wao. Halmashauri na shule nazo ziwe zimekwisha kuketi, na katika mpango wao kuwe na mstari wa mwalimu.